Wadudu wa Mikia Miwili

Kazi yangu ni kugeuza mawe mtoni na kuangalia nani anaishi chini yake. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu hucheka, kisha huniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Kule Tunduma ninakopanga, mama mwenye nyumba aliwaambia wapangaji wenzangu kwamba nafuga funza kwenye chupa za spiriti, kwa hiyo wasiniazime sufuria. Sikumsahihisha. Uvumi ule ulinipa jiko la uani peke yangu kwa muda mrefu, na mimi si mtu wa kugombania marafiki.

Nitaieleza kazi hii mara moja tu, kwa sababu wote niliogombana nao katika habari hii walikataa kuisikiliza hadi mwisho. Ukichota maji ya kijito asubuhi ukayatia kwenye chupa, chupa inakuambia habari za asubuhi ile basi. Kama kuna mtu alimwaga uchafu jana jioni na mkondo ukaubeba hadi mabondeni, chupa yako itatoka safi kama ya dukani, nawe utapiga muhuri. Lakini mdudu wa majini, akiwa bado ni lava, hajaota mabawa, anakaa kwenye mawe yale yale kwa miezi, wengine karibu mwaka mzima. Uchafu wa jana jioni umempitia puani, kama ana pua. Akiwepo, maji yalikuwa mazuri hata wakati wewe umelala. Asipokuwepo, mtu fulani ana maelezo ya kutoa.

Kwa hiyo naingia majini na wavu wenye mpini, nasugua mawe kwa mikono, nachimbua changarawe kwa visigino ili mkondo uwasukumie wavuni, kisha namwaga nilichopata kwenye beseni jeupe. Nasubiri kidogo, nao wanaanza kutembea. Sihitaji kumjua kila mmoja kwa jina lake, natafuta familia. Familia zina majina ya Kilatini niliyoyakariri chuoni huku nikichukia kila silabi, ila nikiwa majini nawaita kwa sura. Kuna wa mikia miwili, bapa, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, wanaotaka maji ya baridi yenye hewa tele. Hao ndio wa kwanza kufa. Kuna wa mikia mitatu, ambao ni familia nyingi, nyingine dhaifu na nyingine ngumu. Kuna wajenzi, wanaojitengenezea nyumba ya mchanga na vijiti wakatembea nayo mgongoni. Na kuna wasiokufa: funza wekundu wembamba, na wale wenye bomba refu la kupumulia linalofanana na mkia wa panya. Ukiwakuta hao wa mwisho peke yao, mwaga beseni uende nyumbani, kijito kimekwisha.

Kijito kilichonigombanisha na watu kinapita chini ya nyumba ya mama yangu, upande wa Itaka. Mama ameyanywa maji yake tangu alipoolewa. Juu kidogo ya nyumba, mwendo wa kutembea huku unapiga soga, upo mtambo wa kumenyea kahawa wa kikundi cha wakulima, na mwenyekiti wa kikundi ni kaka yangu mkubwa. Sote tulizaliwa katika nyumba ile. Yeye alibaki na mashamba, mimi nikaenda shule, na hadi leo ananitazama kama mtu aliyeondoka na kitu chake.

Asiyejua kahawa huona maganda mekundu yamelundikwa nje ya mtambo akadhani huo ndio uchafu wote. Uchafu hasa ni maji. Kahawa mbivu ikimenywa inaacha ute mtamu, ute unaingia kwenye maji, na maji yale yakilala kidogo tu yananuka kama togwa iliyochachuka. Yakifika kijitoni yanachacha huko huko, na kuchacha kule kunamaliza hewa yote iliyomo majini. Hakuna sumu ya kuonyesha kwenye chupa. Wadudu wanakosa pumzi, basi. Dawa yake ni kuchimba mashimo shambani, maji yakanywewa na udongo. Nilimwambia kaka hivyo tangu mtambo unajengwa. Aliniambia mashimo yanakula ardhi ya kahawa, akajenga tangi la saruji lenye lango la chuma, na lango likatazama kijitoni. Kila jioni, kahawa za siku zikishamenywa, yeye mwenyewe alikuwa anashika mpini wa lango na kulifungua. Asubuhi kijito kilikuwa cheupe, kokoto zinaonekana. Wageni walipokuja aliwapeleka asubuhi.

Ndipo ukaja mradi wa maji ya bomba. Kulikuwa na sehemu mbili za kujenga banio la kukusanyia maji. Moja ilikuwa juu, karibu na msitu, maji hayajakutana na mtu yeyote. Ila mabomba yangekuwa marefu, na mtambo ungepunguziwa maji ya kuendeshea mashine. Nyingine ilikuwa chini ya mtambo, karibu na barabara, kazi ya haraka. Kaka alitaka chini. Mhandisi wa mradi, kijana nadhifu kutoka Vwawa mwenye viatu visivyojua tope, alitaka chini vilevile kwa sababu mabomba aliyokuwa nayo yalitosha huko. Kabla ya kuamua ilibidi maji yapimwe, na ofisi yetu ya kupima maji ikanituma mimi. Nilijua nikikosea katika hili mama yangu atakunywa maji ya tangi la kaka hadi afe, safari hii kwa koki.

Nilipima juu na chini. Juu, beseni lilijaa: mikia miwili wakubwa kwa wadogo, wajenzi, mikia mitatu wa kila aina. Nikalibeba beseni zima hadi nyumbani kwa mama, nikaliweka kwenye kigoda uani na kumpa lenzi. Mama ana macho mazuri kuliko anavyopenda watu wajue.

"Huyu ndiye mwenyewe?" akauliza.

"Ndiye. Hesabu kucha kwenye mguu. Ana mbili kila mguu. Na tazama hapa kwapani, unaona manyoya? Ndiyo anayopumulia."

"Manyoya ya kwapa," mama akasema, akacheka peke yake. "Na huyu?"

"Huyo ni wa mikia mitatu. Kucha moja kila mguu, na anapumulia ubavuni. Hao wa kwapani wanakaa chini ya mawe, kwenye maji yanayokimbia. Walipo hawa, mama, maji unakunywa bila wasiwasi."

"Na kule kwetu chini?"

"Kule chini ni funza wekundu na mikia ya panya. Hakuna mwingine."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amekuja kuangalia nitamwambia nini mama yake. "Kwa hiyo bomba tuletewe au tusiletewe, kwanza tuwaulize mende," akasema.

"Si mende, kaka."

"Wana miguu sita?"

"Wana miguu sita."

"Basi mende." Akanywa chai. "Mdogo wangu, kahawa hii unayoisema vibaya ndiyo iliyokusomesha hayo majina. Usisahau hilo ukiwa na lenzi yako."

Nilimwambia kahawa ilinisomesha ili nimwambie ukweli, yeye akaniambia ukweli gani wenye kwapa, na tukaendelea hivyo hadi chai yake ikapoa. Mama hakutusikiliza. Alikuwa ameinamia beseni. Aliniuliza wanakula nini, mawe wanayoyapenda ni makubwa kiasi gani, wanavumilia jua au la. Nilimjibu yote kwa kirefu. Nilifurahi, niseme ukweli. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuniuliza swali la kazi yangu akasubiri jibu.

Baada ya hapo mhandisi alinifuata ofisini akiwa na kichupa cha spiriti. Alikuwa amekwenda mwenyewe chini ya mtambo na kijiko, na akapata wadudu. Akakiweka kichupa mezani pangu kwa madaha ya mtu anayelipa deni la watu wote.

"Mikia miwili," akasema. "Hesabu."

Nilimwaga kwenye kisahani nikatia chini ya hadubini. Walikuwa wa mikia mitatu, wa ile familia ngumu inayovumilia hata povu la kufulia. Mkia wa katikati ulikuwa umekatika, jambo la kawaida kabisa wadudu wakitikiswa kwenye spiriti. Kovu lake lilikuwa wazi pale kati ya mikia miwili iliyobaki. Kucha moja kila mguu. Viungo vya kupumulia viko ubavuni, kwapani hakuna kitu. Nilimsogezea hadubini ajionee.

Hakuinama. "Dada, mikia miwili ni mikia miwili."

"Na ng'ombe akivunjika pembe moja anakuwa kifaru?"

"Tusigombane kwa ajili ya kucha za mdudu. Wananchi wanasubiri maji."

Nilimwambia wananchi hao ni pamoja na mama yangu mzazi, na kwamba kama yeye anaona kucha ni kitu kidogo, aende akanywe maji yale kwa msimu mmoja wa kahawa halafu tukutane. Akanijibu kwa upole, upole ule wa watu wanaojua gari la ofisi liko upande wao, kwamba basi tupime mara moja tu, hadharani, wananchi wakiwepo, na litakaloonekana ndilo litakaloandikwa. Nilikubali haraka. Nilitaka watu wote waone lile beseni la funza wekundu, na zaidi ya wote nilitaka kaka yangu asimame pale wakiliona.

Siku yenyewe watu walijaa ukingoni chini ya mtambo. Kaka alivaa koti la mikutano. Mama alikuwa ameketi kwenye jani la mgomba pamoja na wenzake, kanga imefungwa vizuri. Mhandisi alisimama juu ya jiwe kavu. Nikaingia majini, na wakati huo nilikuwa na furaha mbaya moyoni, ya mtu anayekwenda kumwaibisha ndugu yake na anajua atashinda.

Nikageuza jiwe la kwanza. Chini yake walikuwa mikia miwili, wawili wakubwa. Nikageuza la pili, wakawa wengi zaidi.

Sitadanganya, nilifurahi, na safari hii furaha ilikuwa nzuri. Kwa muda mfupi nilidhani kijito kimefufuka, kwamba labda kaka alikuwa amechimba mashimo kimya kimya na kiburi kikamzuia kuniambia. Nilikuwa tayari kumkumbatia mbele ya kijiji. Kisha nikawatazama vizuri. Wote walikuwa wakubwa. Hakuna mdogo hata mmoja, na mahali wanapozaliana lazima wadogo ndio wawe wengi. Lakini mtu anayewaokota kwa mkono huona wakubwa tu. Mawe waliyokaa chini yake yalikuwa yamepinduliwa, upande wenye ukijani uko chini. Hakukuwa na mjenzi hata mmoja wa kuwafanya majirani. Na walikuwa wanapiga pushapu. Hivyo ndivyo wanavyofanya hewa ikiwaishia: wanajishikilia kwenye jiwe, wanajiinua na kujishusha kwa miguu, wanatikisa maji yapite kwenye yale manyoya ya kwapani. Wengine walikuwa wameshaacha kujiinua na wamegeuka weupe.

Nikainua kichwa. Kaka alikuwa anatabasamu.

"Mwizi wewe!" nikamwambia, na sauti yangu ilifika hadi barabarani. "Umewaokota huko juu ukaja kuwapandikiza hapa! Nilikuonyesha mwenyewe nyumbani, ukaenda kufanyia utapeli! Mama yako ndiye atakayekunywa maji haya, unajua? Huyo pale ameketi!"

Nilisema na mengine. Niliyasema ya mtambo, ya lango, ya kila jioni. Nilimwambia hafai kuongoza hata kuku. Tabasamu likamfutika usoni. Ndipo mama akasimama, akajipangusa majani ya mgomba.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyeelewa, mimi nikiwa wa kwanza.

"Niliwaleta mimi, na ndoo yangu. Nimekwenda mara nyingi. Wewe si ulisema walipo hawa maji yanakuwa mazuri?" Alikuwa anazungumza nami, lakini aliwageukia wenzake kama mashahidi wake. "Chemchemi ya bibi yenu ilipokauka, tulifanyaje? Tulikwenda kumchukua kaa wa mtoni kwenye chemchemi ya wenzetu, tukamleta kwa adabu, tukamweka, akachimba jicho la maji likafunguka. Watu wazima hapa wanakumbuka. Sasa nikaona hawa ndio kaa wa kijito. Nikasema nikiwaleta wakazoea, maji yatapona, na nyie wawili mtaacha kupigiana kelele nyumbani kwangu."

Wazee wa kike walitikisa vichwa kukubali. Kwetu jambo la kaa si mzaha. Mimi mwenyewe nimekua nikiambiwa nisimguse kaa wa chemchemi. Mama alikuwa amefanya kitu cha maana kabisa kwa anavyoujua ulimwengu. Aliishika habari yangu kwa mkia: mimi nilisema wadudu wanafuata maji mazuri, yeye akasikia maji mazuri yanafuata wadudu. Kisha watu wakaanza kucheka. Hawakumcheka mama. Walinicheka mimi, niliyesimama na maji magotini nikimwita kaka yangu mwizi kwa kosa la mama yetu.

"Niombe radhi, mdogo wangu," kaka akasema. Alisema taratibu, koti limefungwa vifungo vyote.

Sikumwomba. Hadi leo sijamwomba. Hakuwaleta wale wadudu, sawa. Lakini ni nani aliyekuwa anawaua?

Mhandisi akashuka kwenye jiwe lake. "Swali ni moja tu," akasema. "Wadudu wa mikia miwili wapo, hawapo?"

"Wapo, wanakufa."

"Wapo," akasema mhandisi, akawageukia watu. "Mmewaona wenyewe."

Nilikataa kuweka sahihi. Akapatikana mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, banio likajengwa chini ya mtambo. Mvua zilipokwisha maji yalifunguliwa kwa ngoma na vigelegele, na mama akapata koki uani, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza kwenye njia ya bomba. Mimi sikwenda. Nilikaa Tunduma nikasikiliza malori ya mpakani yakipiga honi, nikiwachukia watu wote wa upande ule pamoja na kuku wao.

Msimu wa kahawa uliofuata ndio uliofuta kiburi changu cha kutokwenda, maana sikuweza kulala nikiwaza kile kinachotoka kwenye koki ile. Nikapanda gari siku ya mapumziko, nikafika nyumbani mchana jua likianza kulegea. Mama hakuwepo. Nikafungua koki. Maji yalitoka meupe, lakini yalipojaa kiganjani nikasikia harufu ya togwa iliyochachuka. Niliyamwaga nikajifuta mkono kwenye sketi. Nikaona ndoo yake haipo mahali pake, nikajua alipo.

Nilimkuta katikati ya kijito, juu ya banio na chini ya lango la tangi, amejifunga kanga hadi magotini, anapanga mawe. Ndoo ilikuwa kando yake na ndani yake walikuwa mikia miwili, wakubwa watupu, wametoka msituni. Uvumilivu wangu wote uliisha hapo hapo.

"Mama, wanakufa!" nikapiga kelele kutoka ukingoni. "Hawazoei! Hawazoei kamwe! Unawatoa kwenye uhai unawaleta kaburini kwa miguu yako mwenyewe! Mgongo wako unauma, magoti yako yanauma, halafu unawaua bure!"

Aliinuka akashika kiuno. "Unafikiri sijui?"

"Unajua?"

"Nimeshageuza mawe haya mara ngapi? Nawaona wamekuwa weupe. Nilijua tangu wale wa kwanza, hata kabla bomba halijaja. Mimi si kipofu." Aliingiza mkono ndooni, akamtoa mmoja, akamwangalia kwapani kabla ya kumweka chini ya jiwe. Nilimwona akimwangalia kwapani, na nikazidi kukasirika, kwa sababu alimshika vizuri, kwa vidole viwili, kama nilivyomfundisha.

"Sasa unakuja kufanya nini?"

Alielekeza kidevu juu, kwenye mtambo.

Ndipo nikasikia kwamba mashine haiungurumi. Ilikuwa saa ya kumenya kahawa. Wakulima walikuwa wamepanga foleni ndefu na viroba vyao, wengine wamekalia viroba, na hakuna kilichokuwa kinaendelea. Tangi lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji ya rangi ya kutu yanachuruzika pembeni. Kaka yangu alikuwa amesimama kwenye lango la chuma, mkono juu ya mpini, na hakuwa anauvuta.

Niliielewa polepole, na niliielewa kwa sababu nimezaliwa huko. Kwetu mtu hamwagii mzazi wake maji machafu. Hata kwa bahati mbaya. Mtoto akimwaga beseni la kuoshea vyombo, maji yakamrukia mama yake miguuni, anapiga magoti siku hiyo hiyo. Mtu mzima akifanya hivyo kwa kusudi, mbele ya watu, hatakuja kuongoza mkutano wa aina yoyote, na hakuna atakayekula kwake. Auvute huo mpini nani, wakati mama yake mzazi yuko katikati ya njia ya maji, ameinama, mgongo umemgeukia yeye?

"Mara ya kwanza nilikuja kwa ajili ya wadudu tu," mama akasema, bila kupaza sauti. "Nikamwona amesimama pale, ananisubiri nitoke. Nikasema, kumbe. Sasa huwa nakuja na ndoo, ili nisionekane nimekuja kukaa bure. Nikitoka anafungulia, najua. Kwa hiyo sitoki mapema. Jana wengine walirudi na kahawa zao wakazimenye kwa mkono. Leo wamemwambia kama hachimbi mashimo wanahamia kikundi kingine."

"Mama!" kaka akaita kutoka juu. Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtoto anayeomba aingie ndani. "Mama, tafadhali toka majini. Maji ya baridi hayo. Watu wana kahawa zao hapa."

Mama akageuza jiwe jingine.

Miaka yote niliyobishana na kaka, kucha, kwapa, familia, makovu ya mikia, hakuna hata jioni moja niliyofanikiwa kulizuia lile lango. Nikavua viatu. Nikapandisha sketi. "Nakuja tukae wote," nikasema.

Mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hakuwa na huruma machoni, wala hakuwa na ukali. Alikuwa anapima kitu, akakipata.

"Wewe kaa huko huko," akasema. "Ukiingia wewe utakuwa ugomvi wenu wa siku zote, naye atafungulia."

Niliinua macho nikamtazama kaka yangu, naye akanitazama. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana, na alikuwa amesikia. Nilisubiri akatae. Nilisubiri aseme, hapana, hata yeye ni damu yangu. Mkono wake ukabaki juu ya mpini, na mimi nikabaki ukingoni nimeshika viatu.